Tununue matano, tena ya namna moja



Mkutano Mkuu wa chama chetu utakaa Jumamosi baada ya gulio, na shauri la tatu ni matairi ya gari. Maneno juu ya shauri hili yamekuwa mengi, kilabuni, kisimani, hata katika foleni ya kinu. Wako wanaosema yanunuliwe mawili tu. Wako wanaosema tutafute mjini yaliyokwisha kutumika, eti bei yake ni ndogo. Na vijana wetu wanataka mapana, yale ya kujaza bodi, ili gari lionekane gari. Sisi tumeona afadhali tuseme yetu mapema, kabla watu hawajafika mkutanoni wakiwa wameshakasirika. Tunasema yanunuliwe matano, mapya, membamba, ya namna moja, na yawe yamefungwa kabla mvua za Novemba hazijaanza.

Kwanza tukumbushane kazi ya gari lenyewe. Land Cruiser hili pikapu ndilo linaloleta mbolea kutoka Mbinga, ndilo linaloshusha kahawa kutoka vitongoji vya juu ambako lori halifiki, na usiku ndilo linalopeleka wagonjwa hospitali ya wilaya. Masika iliyopita lilikwama katika mteremko wa mtoni likiwa na mama mjamzito. Magurudumu yote manne yalikuwa yanazunguka mahali pamoja kama kinu. Watu walisukuma tangu saa sita hadi saa tisa usiku, na mtoto akazaliwa nyuma ya gari, chini ya turubai, mvua ikinyesha. Mama na mtoto ni wazima, tunamshukuru Mungu. Lakini siku nyingine huenda mambo yasiende hivyo. Asubuhi yake tulipima kashata za matairi kwa rula ya shule. La nyuma kushoto zilibaki milimeta mbili, na katikati ya tairi hata hizo mbili hazikufika. Huko Ulaya sheria inaweka kikomo milimeta 1.6, na hiyo ni kwa gari dogo kwenye lami, sio kwa udongo wetu mwekundu. Injini ilikuwa nzima na dereva ni mzoefu. Tulichokosa ni kashata.

Sasa tuje kwenye kuchagua. Wengi wetu humu kijijini tulijua kusoma tukiwa watu wazima, kwenye madarasa ya jioni, na tuliambiwa kwamba kisomo ni cha manufaa au si kisomo. Basi hebu twende tukasome tairi. Zamani mtu hakuhitaji kusoma. Wazee wanakumbuka tairi za General Tyre za Arusha, kiwanda kilichoanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ulikuwa unaomba tairi la Land Rover, unapewa, unaondoka. Kiwanda hicho kilisimama mwishoni mwa miaka ya 2000, na madukani leo kuna majina mengi ya nje, mengine hata hayatamkiki. Hatuwezi kununua kwa mazoea ya jina. Tununue kwa maandishi yaliyoko ubavuni.

Ubavuni mwa matairi yetu imeandikwa 7.50R16. Hiyo 7.50 ni upana kwa inchi, yaani kama sentimeta 19. Hiyo 16 ni kipimo cha rimu. Katikati iko herufi R, na herufi hii moja ina pesa ndani yake. Maana yake nyuzi za ndani zimepita moja kwa moja toka ukingo huu hadi ukingo ule, na juu yake, chini ya kashata, umewekwa mkanda wa waya. Ukikuta kistari mahali pa R, yaani 7.50-16, hilo ni la namna ya zamani, nyuzi zake zimepishana mshazari. Bei yake ni nafuu na ubavu wake ni mgumu kwa mawe, hatukatai. Lakini kwenye lami hupata moto upesi, na kashata zake huisha mapema. Na la kukataa kabisa ni kufunga yote mawili katika gari moja, kwa kuwa hayakanyagi sawa.

Kisha tafuteni namba ya mzigo. 116 maana yake tairi moja linabeba kilo 1,250 likiwa na upepo wake kamili. Pembeni yake ni herufi ya mwendo, L kwa kilomita 120 kwa saa, N kwa 140. Hiyo isitusumbue, barabara yetu hata 60 ni kujitakia. Halafu iko 8PR, hiyo ni nguvu ya tabaka nane. Chini ya hapo tusikubali, hata muuzaji aape.

Namba ambayo muuzaji hapendi uisome ni ile inayofuata herufi DOT. Mwishoni mwake kuna tarakimu nne ndani ya alama kama yai. Ikiwa ni 2316, tairi lilitengenezwa wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira huzeeka hata ukikaa dukani bila kutembea. Tairi lililokaa rafuni miaka saba linaweza kuwa na kashata za kijana na ngozi ya mzee. Ukilikunja ubavu unaona nyufa ndogondogo. Tarakimu zikiwa tatu badala ya nne, lilitengenezwa kabla ya mwaka 2000, na huyo anayewauzia mwacheni na tairi lake.

Vijana wetu wa mapana, tumewasikia. Dukani tulionyeshwa tairi la 265/70R16. Fanyeni hesabu nasi. Upana ni milimeta 265. Kimo cha ubavu ni asilimia 70 ya upana huo, yaani milimeta 185 na nusu. Ubavu wa juu na wa chini ni 371. Ongeza rimu, inchi 16, ni milimeta 406. Jumla 777, karibu sentimeta 78. Matairi yetu ni kama sentimeta 80. Kwa hiyo tairi hilo linaloonekana kubwa ni fupi kuliko letu, na tumbo la gari linashuka kwa sentimeta moja hivi, katika barabara ambayo mawe yake yanatafuta difu kila siku. Namba yake ya mzigo ilikuwa 112, kilo 1,120. Kwa matairi manne tumepoteza kilo 520, zaidi ya magunia matano ya mahindi. Tena rimu zetu nyembamba za pete hazilifai, itabidi kununua na rimu. Hayo yote kwa ajili ya sura!

Hata hivyo tairi pana lina kazi yake. Ndugu zetu wa ufukweni mwa Ziwa Nyasa wakilitaka wana haki, kwa sababu mchanga hauna chini, inakubidi uelee juu yake. Udongo wetu una chini. Juu ni utelezi wa vidole vichache, chini yake ni pagumu. Tairi jembamba linakata huo utelezi kama jembe, likafika pagumu, likashika. Pana linaelea, na likielea mteremkoni mnajua linakokwenda.

Lakini wembamba peke yake hautoshi, lazima tutazame na kashata. Ziko za lami, zimesongamana kama mistari ya daftari. Ziko za matope, nene, zimeachana, na mifereji yake iko wazi mpaka mabegani. Na ziko za katikati, za kuchanganya. Udongo wetu ukishalowa unanata kama ugali. Ukiingia kwenye kashata zilizosongamana haukutoka tena, na tairi lililojaa udongo ni kipara, hata kama limenunuliwa jana. Zilizoachana zinautupa nje gurudumu linapozunguka. Kasoro zake tunazijua: zinapiga kelele kwenye lami, zinalika mapema huko, na lami ikiwa na maji breki haishiki vizuri kama kwa zile za lami. Dereva wetu anapendelea za katikati kwa sababu hiyo, na ndiye anayekaa kwenye staringi. Sisi tunaona za matope. Gari hili huenda Songea mara chache, na kwenye lami dereva anaweza kupunguza mwendo akafika. Mteremko wa mtoni usiku hauna cha kupunguza.

Sasa hao wanaosema yanunuliwe mawili. Hoja yao inasikika vizuri, kwamba mawili ni nusu ya bei ya manne, na ya nyuma ndiyo yaliyokwisha zaidi. Kwa gari la kawaida tungekubaliana nao. Gari letu ni foowili. Dereva akiingiza foowili, propela shafti ya mbele na ya nyuma zinafungwa pamoja, zinazunguka sawasawa kama ng'ombe wawili wa nira moja. Tairi jipya la sentimeta 80 likizunguka mara moja linakwenda sentimeta 251. Tairi lililolika sentimeta moja kuzunguka lote limebaki na sentimeta 78, na linakwenda kama 245. Katika kilomita moja jipya litazunguka mara 398 na la zamani mara 408. Tofauti ni mizunguko kumi kila kilomita, na kwa kilomita 20 ni 200. Mizunguko hiyo itaenda wapi, na shafti zimefungwa? Matopeni tairi linateleza kidogo, basi mambo yanaisha. Penye pakavu linakwaruza ardhi, na kinachobaki kinabebwa na gia na shafti, mpaka siku kimoja kivunjike. Gia boksi ya foowili ikivunjika, bei yake si ya matairi mawili. Aulizwe fundi yeyote.

Ndiyo maana tunasema na la akiba liwe la namna hiyohiyo, liingizwe kwenye mzunguko na mengine, kila kilomita 10,000 yabadilishane nafasi ili yalike pamoja. Tairi la akiba la namna nyingine linakupa foowili siku ya jua tu.

Yaliyokwisha kutumika hatutayasemea sana. Hujui lilibeba nini, lilitembea na upepo kiasi gani, wala ndani yake limebandikwa mara ngapi. Matano ya namna moja hayapatikani, kila moja lina umri wake na kashata zake, basi tumerudi kwenye hesabu ya mizunguko. Na yaliyovishwa kashata upya yabaki kwa wenye malori ya lami.

Fedha. Hapa ndipo penye uzito, tusifichane. Karatasi ya bei kutoka maduka matatu imebandikwa na mhasibu kando ya hii, kila mtu asome. Bei ya matano pamoja na tyubu na flepu zake inakula karibu fedha yote tuliyotenga kwa bati za ghala. Wazee wetu wameuliza kwa haki kabisa: tufunge matairi mapya, halafu mbolea ilowe? Tunajibu kwa heshima. Ghala linavuja upande wa magharibi, mistari miwili ya bati. Mifuko inaweza kuhamishiwa mashariki, ikainuliwa juu ya mbao, ikafunikwa turubai, na masika ikapita. Ni kazi na ni usumbufu, tena mifuko kadhaa inaweza kuharibika, hatusemi haiwezi. Lakini hakuna mbao wala turubai ya kuweka chini ya tairi kipara. Na gari lisipopanda, hiyo mbolea yenyewe itaingia ghalani kwa miguu gani? Bati zinunuliwe kwa makato ya kahawa ya msimu ujao, na liandikwe katika kumbukumbu za mkutano ili lisisahaulike.

Yakishanunuliwa yatunzwe. Kipimo cha upepo kinunuliwe siku hiyohiyo, kikae garini. Kupiga tairi teke si kipimo. Upepo unaotakiwa umeandikwa kwenye kibandiko cha mlango wa dereva, nao upimwe asubuhi tairi likiwa baridi. Upepo ukipungua mabega yanalika na tairi linapata moto, ukizidi katikati panalika. Foowili iondolewe ukishatoka matopeni. Na vijana mnaosaidia kuziba pancha, hizi ni rimu za pete. Toeni upepo wote kabla ya kugusa pete, na tairi linapojazwa mtu asisimame wala kuinama mbele yake. Pete ikichomoka inaua.

Matairi ya zamani ni mali ya ushirika, yasipotee njiani. Lililo zima kuliko mengine libaki ghalani, litafaa kusogeza gari likiwa kwenye mawe. Matatu yapigwe mnada hapahapa kijijini. Fundi wa katambuga ameshayaulizia, na mpira wa ndani unafaa kufungia mzigo wa baiskeli. La nyuma kushoto lipelekwe mkutanoni Jumamosi, liwekwe mezani, kila mtu apitishe kidole.

Katibu wa Tawi