Aandike Anayehamisha

Neno la Mhariri

Ukanda wetu ulijua mapema kwamba ugonjwa unaweza kumhamisha mtu ambaye haujamgusa. Katika miaka ya 1940, utawala wa Mwingereza uliwahamisha jirani zetu wa Liwale kwa hoja ya malale. Nyumba ziliachwa, mashamba yakarudi kuwa msitu, na sehemu kubwa ya ardhi ile ikaingizwa katika Pori la Akiba la Selous. Mwaka 2020 ulikuja ugonjwa mwingine na hoja iliyo kinyume chake: ili watu wapone, kila mtu abaki ndani kwake. Serikali kadhaa duniani zikapiga marufuku kuwatoa wapangaji vyombo nje.

Ukiziweka amri hizo mbili pamoja, utaona tofauti ambayo ndiyo mada ya toleo hili. Amri ya kuhamisha ilijitosheleza. Ilitangazwa, ikatekelezwa, na aliyehamishwa hakutakiwa kuomba chochote ili imfikie. Kinga ya kutohamishwa, kinyume chake, mara nyingi ilisubiri fomu. Aliye hatarini ndiye aliyetakiwa ajue kwamba ipo, aitafute, aijaze, aisaini na aifikishe inakotakiwa. Asipofanya hivyo, alihesabiwa kama mtu asiye na kinga.

Mfano ulio wazi zaidi ni Marekani. Kuanzia tarehe 4 Septemba 2020, taasisi ya nchi hiyo ya kudhibiti magonjwa, CDC, ilizuia wapangaji walioshindwa kulipa kodi wasitolewe majumbani. Hata hivyo, mpangaji hakulindwa kwa kuwa mpangaji tu. Ilimpasa asaini tamko, akijua kwamba uongo wowote ndani yake ni kosa la jinai, kwamba kipato chake hakizidi kiwango kilichowekwa. Kwamba amehangaika kutafuta msaada wa serikali. Kwamba amepungukiwa kwa sababu ya kupoteza kipato au kwa gharama kubwa za matibabu. Kwamba analipa kidogokidogo kadiri anavyoweza. Na kwamba akitolewa hana pa kwenda ila kulala nje au kubanana na wengine. Kisha amkabidhi mwenye nyumba karatasi hiyo. Deni lake liliendelea kuhesabiwa, na tarehe 26 Agosti 2021 Mahakama ya Juu ikaiondoa kinga yenyewe.

Fedha nazo zilikutwa na karatasi njiani. Bunge la nchi hiyo lilitenga zaidi ya dola bilioni 46 za kuwasaidia wapangaji kulipa kodi, kwa mafungu mawili. Kati ya bilioni 25 za fungu la kwanza, hadi mwisho wa Juni 2021 zilikuwa zimewafikia walengwa takriban bilioni 3 tu. Majimbo na miji yalilazimika kujenga mifumo mipya ya maombi, na mingi ilidai vielelezo ambavyo maskini ndiye mwenye shida navyo zaidi: mkataba ulioandikwa, hati za mshahara, barua ya mwajiri. Anayeishi kwa vibarua na aliyepangishwa kwa maneno ya mdomo ndio waliohitaji fedha hizo kuliko wote, na ndio waliokuwa na makaratasi machache kuliko wote.

Kwa nini jarida linaloandikwa kwa ajili ya Malinyi, Ifakara na bonde zima la Kilombero lianzie mbali hivyo? Kwa sababu huku kwetu fomu ya namna hiyo haikuwepo, na wako wanaoamini kwamba kasoro yetu iliishia hapo: kwamba tungekuwa na fomu, tungekuwa na kinga. Sisi tunasema hapana.

Tukumbuke hali ilivyokuwa. Mgonjwa wa kwanza wa korona nchini alitangazwa tarehe 16 Machi 2020, na siku iliyofuata shule zikaamriwa kufungwa. Hatukufungiwa ndani kama majirani zetu wa Uganda, lakini shughuli zilipungua, na walioishi kwa kutegemea wanafunzi, wasafiri na minada waliona kipato kikikatika. Hakukuwa na tamko la jumla la kuzuia mpangaji asitolewe. Wala hapakuwa na sheria ya zamani ya kuegemea: Sheria ya Kudhibiti Kodi za Nyumba ya mwaka 1984, iliyokuwa na mabaraza yake ya nyumba, ilifutwa mwaka 2005. Tangu hapo, mpangaji wa chumba cha kulala anasimama juu ya mkataba wake, kama anao.

Mkataba wenyewe tunaujua. Ni karatasi moja iliyonunuliwa kwenye duka la kutoa fotokopi, ina nafasi za kujaza majina, kiasi na tarehe, na imesainiwa mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au balozi. Mara nyingi hata hiyo haipo, yapo makubaliano tu: kodi ya miezi sita au ya mwaka, mkononi, kabla ya kuingiza godoro. Malipo hayo ya mbele, tunayoyalalamikia kila siku, ndiyo yaliyowafaa wengi mwaka ule. Aliyekuwa amelipa hadi Septemba alikaa hadi Septemba. Aliyemaliza kodi Aprili alibaki na huruma ya mwenye nyumba peke yake.

Ukitoka kwenye chumba ukaingia shambani, hali ni ileile. Mpunga wa bonde hili haulimwi na wenye ardhi tu. Wengi wanakodi ekari kwa msimu, wakilipa taslimu kabla ya kulima au kwa magunia baada ya kuvuna. Mkodishaji akipata mteja mwenye bei nzuri zaidi, au watoto wake wakirudi kutoka mjini wakitaka kulima, mkodi anaambiwa apishe. Pengine ameshasafisha shamba, pengine ameshalipia trekta. Ushahidi wake ni majirani waliomwona akilima.

Hapa ndipo tunapofika kwenye hati. Bonde letu halikosi uzoefu wa karatasi za ardhi. Wilaya za Kilombero, Ulanga na Malinyi zilichaguliwa kuwa za mfano. Kuanzia mwaka 2016, Programu ya Kuwezesha Umilikishaji Ardhi, iliyofadhiliwa na Uingereza, Sweden na Denmark, ilipita vijijini kupima vipande vya ardhi na kutoa hati za hakimiliki ya kimila. Kazi ile ilikuwa na faida ambazo hatutazibeza. Majirani walisimama mpakani pamoja na wakakubaliana hadharani. Majina ya wanawake yaliingia kwenye hati, mengine peke yake na mengine pamoja na ya waume zao. Vijiji vilipata mipango ya matumizi ya ardhi na masijala za kutunzia kumbukumbu.

Lakini tazama safari ya hati moja. Kwanza kijiji chenyewe kiwe na cheti cha ardhi ya kijiji, mipaka yake ikiwa imekubaliwa na vijiji jirani. Ndipo waje wahakiki, majirani washuhudie, mwombaji ajaze fomu na atoe picha, halmashauri ya kijiji ikubali, mwenyekiti na mtendaji wasaini, kisha afisa ardhi wa wilaya asaini na kusajili. Programu ilipokuwepo, sehemu kubwa ya safari hiyo ilibebwa na wafadhili. Ikiondoka, mwananchi anaibeba mwenyewe.

Na hati hiyo inamwona nani? Inamwona mwenye ardhi. Mkodi wa msimu haonekani ndani yake. Kwa hiyo karatasi iliyokuja kuondoa hofu ya kuhamishwa imemwimarisha mmoja na kumwacha mwingine pale alipokuwa, tena sasa akiwa mbele ya mtu mwenye muhuri. Hatulaumu hati kwa hilo, maana haikutengenezwa kwa ajili ya mkodi. Tunalaumu mazoea ya kudhani kwamba hati zikigawiwa, suala la usalama wa makazi na mashamba limefungwa.

Sheria yenyewe haina mazoea hayo. Mwaka 1994, katika shauri la Mwanasheria Mkuu dhidi ya Lohay Akonaay, Mahakama ya Rufani ilisema kwamba haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Katiba, na kwamba mtu hawezi kunyang'anywa bila fidia ya haki. Shauri lile lilitokana na machungu ya Operesheni Vijiji na sheria ya mwaka 1992 iliyojaribu kuzifuta haki za walioondolewa kwenye ardhi zao. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Namba 5 ya mwaka 1999, ikaipa hakimiliki ya kimila hadhi sawa na hakimiliki inayotolewa na serikali. Haki hiyo ipo hata kabla ya cheti, na cheti huja kuithibitisha tu. Mtaani, hata hivyo, mambo yamegeuzwa. Asiye na karatasi anaulizwa, "Unathibitishaje?" Anayetaka kumwondoa haulizwi lolote.

Swali hilohilo linaulizwa kwa sauti kubwa zaidi serikali yenyewe inapotaka watu waondoke. Bonde la Kilombero liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhi oevu mwaka 2002, hekta 796,735. Mwishoni mwa mwaka 2012 operesheni kubwa iliwaondoa wafugaji na mifugo yao. Mwaka 2023 sehemu ya bonde ikapandishwa hadhi na kuwa Pori la Akiba Kilombero. Kijiji cha Ngombo hapa Malinyi kimeishi miaka ya karibuni na habari za kuhamishwa. Nani anahesabiwa kuwa mkazi, nani ni mvamizi, nani alikuwa na migomba na nani alikuwa na kibanda tu: yote hayo huishia kwenye karatasi, na mzigo wa kuileta humwangukia anayebomolewa.

Tunazijua hoja za upande wa pili, na si hoja dhaifu. Wenye nyumba wengi wa miji yetu midogo si matajiri. Ni mjane mwenye vyumba viwili vya kupangisha, ni mstaafu aliyemalizia kiinua mgongo kwenye matofali. Mpangaji asipolipa, wao ndio wanaokosa dawa. Fomu nazo zina kazi yake. Zinamzuia mwenye uwezo asijifiche nyuma ya maskini. Na mto Kilombero unapeleka zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, yanayozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere; nchi nzima ina haki ya kutaka vyanzo vyake vitunzwe. Hatusemi kwamba mtu asihamishwe kamwe. Tunasema kwamba kalamu apewe anayehamisha. Yeye ndiye mwenye madai, na kwa kawaida ndiye mwenye nafasi, nauli na mtu wa kumwandikia.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, anayetaka kumtoa mpangaji wa nyumba au mkodi wa shamba aandike sababu, kiasi anachodai na tarehe, awasilishe nakala kwa mtendaji, na asiguse vyombo wala mazao kabla shauri halijasikilizwa. Tangu mwaka 2021 mabaraza ya kata yamebakiziwa kazi ya usuluhishi tu. Basi usuluhishi huo uanze na maandishi ya mlalamikaji.

La pili ni daftari la ukodishaji katika kila masijala ya kijiji. Mstari mmoja kwa msimu unatosha: nani kamkodisha nani, ekari ngapi, kwa kiasi gani, hadi lini. Anayepokea fedha ndiye awe na wajibu wa kuandikisha, na asiyeandikisha asisikilizwe anapodai kwamba muda wa mkodi umekwisha. Wahenga walisema mali bila daftari huisha bila habari. Walikuwa wakimwonya mwenye mali, na onyo hilo linamfaa pia aliyelima mali ya mwenzake.

La tatu linahusu majanga, yawe maradhi au mafuriko kama yaliyotupiga mwaka 2024. Kinga ya muda ianze yenyewe, kwa tarehe na eneo lililotangazwa, bila mtu kuiomba. Deni libaki pale pale. Mwenye nyumba anayeamini kwamba mpangaji wake ana uwezo na anakwepa, yeye ndiye apeleke ushahidi. Na serikali inapohamisha kijiji, orodha ya wakazi na mali zao ibandikwe kwenye ubao wa matangazo na kusomwa katika mkutano mkuu, pingamizi zijibiwe, na fidia ilipwe, ndipo mtu aambiwe afungashe.

Makala za toleo hili zinaiangalia mada kutoka pande tofauti, na hazikubaliani zote na sisi. Imo inayotetea hati za kimila kwa nguvu kuliko tulivyozitetea hapa, na imo ya mwenye nyumba anayeeleza kwa nini anaogopa kanuni yoyote itakayochelewesha kodi yake. Tumeziweka makusudi, kwa sababu mjadala wa upande mmoja hautafika kwenye vikao vya madiwani.

Kati ya mapendekezo yetu, mawili yatahitaji Bunge au angalau sheria ndogo za halmashauri, na huenda yakachukua miaka. Daftari la ukodishaji, katika hatua yake ya kwanza, halihitaji mfadhili wala sheria mpya. Mkutano wa kijiji ukikubaliana, linahitaji kitabu cha kaunta, rula na mtendaji mwenye nia. Mashamba ya msimu ujao yataanza kukodishwa kabla ya mvua za vuli. Kijiji kitakachotaka kuanza kina muda wa kutosha.