Kurekebisha Madai Si Kubadili Maneno

Mwaka jana mama mmoja wa Mombasa, mwenye duka la vitambaa katika mji huu, alinipigia simu nikamsaidie kutafsiri kwa wakili wa kliniki ya ushauri wa bure. Paa la jengo lilikuwa linavuja, majora ya vitambaa yameoza, na mkataba wake wa pango unasema wazi kwamba paa ni jukumu la mwenye jengo. Madai alikuwa ameshayafungua mwenyewe mahakamani, kwa kujaza fomu. Lakini alimshitaki wakala anayepokea kodi badala ya kampuni inayomiliki jengo, na hasara aliyoiandika ilikuwa ya mvua ya kwanza tu.

Wakili akasema jambo la kawaida katika kazi yake: hati irekebishwe. Mimi kwa haraka nikatafsiri, "Anasema tubadilishe madai." Mama akakunja uso. "Mwanangu, mimi sibadili maneno. Nilichokiona ndicho nilichokisema." Akachukua mkoba wake, tukaondoka. Wiki tatu zikapotea kwa neno langu moja.

Kwetu anayebadili maneno ni kigeugeu, na kigeugeu hana ushahidi. Kurekebisha ni kukiweka sawa kilichokaa vibaya. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaijua tofauti hiyo darasani, ila mimi wa mwaka wa tatu niliisahau mbele ya mtu aliyekuwa anakaribia kupoteza duka.

Nilirudi kwake na chai ya tangawizi kwenye chupa, nikamwomba radhi, kisha nikamwomba daftari lake la wakopaji. Alipokosea hesabu alikuwa amepiga mstari juu ya tarakimu, ikabaki inasomeka, na pembeni akaandika iliyo sahihi. Hakuchana ukurasa hata mmoja. Nikamwambia, mama, mahakama nayo inafanya hivi hivi. Hapa England, jaji akitaka maandishi ya zamani na mapya yaonekane pamoja, marekebisho ya kwanza huandikwa kwa rangi nyekundu, ya pili kijani, ya tatu zambarau, ya nne njano. Kenya, kwao, Kanuni za mwaka 2010 zinataka kilichofutwa kikatwe kwa wino mwekundu lakini kiendelee kusomeka. Akacheka, akaniuliza ni watu gani hao wanaofika kwenye njano.

Kanuni zenyewe si ngumu kueleza. Hapa, kabla hati haijamfikia mdaiwa, mdai anaweza kuirekebisha bila kumwomba mtu. Ikishamfikia, anahitaji idhini ya maandishi ya pande zote au ruhusa ya mahakama, na kumtoa mdaiwa mmoja ili aingie mwingine ni lazima mahakama iruhusu. Kwa kawaida anayerekebisha hulipa gharama alizomletea mwenzake. Asiyejali muda anaweza kuponzwa, kwa kuwa madai ya kuvunja mkataba wa kawaida yana ukomo wa miaka 6, na baada ya hapo mlango wa kumwingiza mdaiwa mpya ni mwembamba sana. Majaji nao huwakazia wanaokuja na marekebisho wakati kesi iko karibu kusikilizwa, na hapo siwalaumu.

Lililomtuliza mama zaidi ni tamko la ukweli linalotiwa saini chini ya hati. Anayelitia saini huku anajua yaliyomo ni uongo anaweza kushitakiwa kwa kudharau mahakama. Kwa hiyo la kumtia hofu lilikuwa kuendelea na hati ambayo sasa anajua ina kosa. Alitia saini hati mpya, na ombi la ruhusa likapelekwa. Kesi bado haijasikilizwa.

Wapo wanachama watakaosema chama chetu si ofisi ya mawakili. Kweli, na sitaki tumshauri mtu yeyote mambo ya sheria. Lakini simu zinapigwa kwetu tupende tusipende, kwa sababu sisi ndio "watoto waliosoma". Tangu 2021 sheria ya Tanzania imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama, kwa hiyo maneno kama hati ya madai, mdaiwa na amri ya zuio si mapambo tena. Nasi katika darasa la tafsiri bado tunashinda na habari za magazeti na mashairi. Nayapenda mashairi. Ila sijawahi kuamshwa saa moja asubuhi na mtu anayetaka shairi litafsiriwe.

Ninawaomba walimu wetu watupe vipindi viwili muhula ujao, kimoja cha mkataba wa pango wa biashara, kingine cha hati ya madai na marekebisho yake, na tumwalike wakili atusahihishe. Mama ameniruhusu kutumia nakala ya mkataba wake baada ya kufuta majina. Ninayo tayari, kurasa 31, na kifungu cha paa kiko ukurasa wa 14.