Ada Imelipwa, Vitendanishi Je?

Mwanafunzi wa uzamivu wa kemia anayechunguza miti ya dawa huanza na gunia la magome. Huyakausha, huyasaga, huyaloweka katika metanoli, kisha huchuja na kutenganisha kwa silika tone kwa tone. Kilo kadhaa za magome humwachia miligramu chache za unga. Unga huo ni kitu gani hasa? Jibu liko kwenye mashine ya NMR, inayoonyesha muundo wa molekuli na ambayo sumaku yake hupozwa kwa heliamu ya kimiminika, nyuzi 269 chini ya sifuri. Heliamu hiyo hupungua hata mashine ikikaa bila kazi, na mwanafunzi hawezi kuinunua kwa posho yake.

Mjadala wetu kuhusu masomo ya juu, hata hivyo, huishia kwenye ada na posho. Kwa shahada nyingi hayo yanatosha. Kwa kemia, ada humwingiza mtu chuoni tu. Kinachomhitimisha ni vitendanishi, viyeyusho, vipuri na fundi sanifu anayeijua mashine.

Wanakemia wa kanda hii walilitambua pengo hilo mapema. Mwaka 1984 walianzisha NAPRECA, mtandao wa watafiti wa kemia ya mimea Afrika Mashariki na Kati. Programu ya Kimataifa ya Sayansi (ISP) ya Chuo Kikuu cha Uppsala, Sweden, nayo imesaidia idara za kemia kwa miongo mingi, mwanafunzi akifanya vipimo huko na kurudi kumalizia chuoni kwake. Utaratibu huo umezaa wahadhiri wengi. Lakini anayetegemea mashine ya ng'ambo husubiri zamu, na tangu Itifaki ya Nagoya ya mwaka 2010 kutoa sampuli za mimea nje ya nchi kunadai vibali zaidi. Miezi hupita, ufadhili haumsubiri.

Wapo wanaosema tuachane na kemia ya gharama, tujikite kwenye matatizo ya nyumbani. Hoja yao ina uzito. Maji ya Arusha yana floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita, kikomo cha Shirika la Afya Duniani, katika vyanzo vingi. Kuipima kunahitaji kifaa kidogo tu, na kuichuja kwa mkaa wa mifupa ni utafiti wenye faida ya moja kwa moja. Hata hivyo kifaa hicho nacho hutaka kemikali za kukisahihishia. Unafuu wa mada hupunguza bajeti ya maabara, hauifuti.

Tanzania sasa inajenga. Mradi wa elimu ya juu wa HEET, wenye dola milioni 425 za Benki ya Dunia zilizoidhinishwa mwaka 2021, unagusa maabara na kusomesha wahadhiri. Mtihani utakuja mradi ukifungwa, mashine zikianza kudai matengenezo.

Kwa hiyo kila ufadhili wa uzamili na uzamivu wa kemia uwe na fungu la maabara lisiloguswa kwa matumizi mengine, na mashine kubwa zitumiwe na vyuo kadhaa kwa pamoja, zikiwa na fundi wa kudumu. Fedha zisipotosha, tufadhili watano badala ya kumi. Watano waliokosa watalalamika, na watakuwa na haki. Lakini kuwasajili wote kumi kisha kuwaacha miaka wakisubiri kiyeyusho ni kuwanyima kumi kwa jina la kuwasaidia.