Jipu la Kifandugu Lisifichwe

Yako maradhi ambayo mtu huyatangaza hata kabla hajaulizwa. Aliyevunjika mkono huonyesha plasta yake, na mwenye malaria hujifunika blanketi mbele ya watu wote. Lakini yako mengine ambayo mtu huyabeba kimya kimya mpaka yamwangushe, kwa sababu yamekaa mahali asipopenda kupataja. Leo nataka kupataja. Nasema juu ya jipu litokalo pale mwanya wa makalio unapoanzia, kwenye kifandugu, ambalo hupasuka, hukauka, kisha hurudi. Mimi limenipata, limenipotezea kazi, na sioni tena sababu ya kulionea haya.

Nimezaliwa Ras Kamboni, ncha ya kusini kabisa ya Somalia, ambako ukifuata ufuo kidogo tu umeshafika mpaka wa Kenya. Sisi ni Wabajuni, watu wa bahari. Serikali ya Mogadishu ilipoanguka mwaka 1991 nilikuwa mtoto wa miaka minne. Wazee wetu walitupakia mashuani wakatuvusha, kama walivyovuka Wabajuni wengi wa Kismayu na wa visiwa vya Koyama, Chovai na Chula. Kwa hiyo nilikulia upande wa Kenya, na nilipopata nguvu za kufanya kazi sikwenda baharini kama baba yangu, nilikwenda shambani.

Mwaka 2009 nilikuwa dereva wa trekta katika shamba moja la mkonge. Kiti cha trekta lile kilikuwa bati tupu, sponji yake ilikwisha liwa na panya. Nikikaa juu yake saa tisa kwa siku, jasho linateremka mgongoni na suruali imelowa tangu asubuhi. Siku moja nikasikia maumivu kifanduguni kama nimepigwa teke. Siku ya tatu sikuweza kukaa. Nilimwambia nyapara kwamba nina homa, maana homa ina heshima yake.

Mganga wa zahanati ya shamba hakutaka kuniona nikivua suruali, nami sikutaka kuivua. Akanipa vidonge vya kuua vijidudu. Jipu likapasuka lenyewe usiku, usaha ukatoka, nikapata nafuu, nikasema limekwisha. Baada ya miezi minne likarudi. Kisha likarudi tena. Mara ya nne doa lilionekana kwenye kiti, na wenzangu, nasikitika kusema, walicheka. Mmoja akasema ni bawasiri, mwingine akasema ni ugonjwa wa zinaa. Neno hilo likamfikia msimamizi kabla sijamfikia mimi.

Nilikwenda hospitali kubwa mjini nikapasuliwa. Nyama yote yenye ugonjwa iliondolewa na kidonda kikaachwa wazi kijae chenyewe kutoka chini. Kilichukua wiki kumi. Niliporudi shambani, trekta lilikuwa na dereva mwingine.

Sasa nieleze ugonjwa wenyewe, kwa sababu nimegundua kwamba hata wengi wa wale walionicheka hawajui wamemcheka nani. Madaktari huuita pilonidali. Jina hilo lilitungwa mwaka 1880 na daktari wa Marekani aitwaye Hodges, kutokana na maneno mawili ya Kilatini, la kwanza maana yake nywele na la pili kiota. Na kweli ni kiota cha nywele. Nywele zinazopukutika kichwani, mgongoni na makalioni huteremka zikanasa katika ule mwanya. Mtu anapokaa, anapotikiswa na anapotoka jasho, unywele husukumwa kama sindano ukaingia katika ngozi laini. Unywele una magamba madogo sana yaliyoelekea upande mmoja, kama miiba ya mshale wa kuvulia samaki: kuingia unaingia, kurudi haurudi. Ndani hujifanyia mfereji, mwili huukataa kama unavyokataa mwiba, usaha hukusanyika, na hapo ndipo jipu. Ukitazama vizuri utaona kijitundu kimoja au viwili katikati ya mwanya. Vile vijitundu ndivyo mlango wa ugonjwa wenyewe. Jipu huwa ni moshi wake tu.

Zamani madaktari walidhani mtu huzaliwa nao. Katika miaka ya 1940 Patey na Scarff, madaktari wa Uingereza, waliandika juu ya kinyozi aliyekuwa na kiota kama hicho katikati ya vidole vya mkono, na ndani yake nywele za wateja wake. Hakuna kinyozi aliyezaliwa na nywele za wateja. Wakata manyoya ya kondoo na wakamua ng'ombe pia wamekutwa nao mikononi. Kwa hiyo nywele hutoka nje zikaingia ndani, na kazi ya mtu yaweza kuwa ndiyo inayoziingiza.

Hupata zaidi vijana, tangu kubalehe mpaka kiasi cha miaka 40, na wanaume kuliko wanawake. Mwenye nywele nyingi na ngumu, mwenye mwili mnene, mwenye mwanya wa kina kirefu na mwenye kukaa sana wako hatarini zaidi. Vitabu husema ni haba kwa Waafrika wenye nywele za kipilipili. Haya, haba ni haba, lakini haba si kukosekana, na sisi wa mwambao tuna nywele za kila namna, kama tulivyo na babu wa kila bandari. Neno hilo la vitabu lina hatari yake: mganga huona jipu akadhani ni jipu la kawaida, au nasuri ya karibu na tundu la haja, au bawasiri, akatibu kisichokuwapo. Bawasiri iko kwenye tundu lenyewe la haja kubwa. Huu uko juu, kwenye mfupa wa mkia. Si ugonjwa wa zinaa, wala hauambukizi mtu kwa kukalia kiti kimoja.

Wakati wa vita kuu ya pili ya dunia jeshi la Marekani lililaza hospitali zaidi ya askari 75,000 kwa ugonjwa huu. Wengi walikuwa wakiendeshwa katika magari ya jipu kwenye njia mbovu, hata daktari mmoja, Buie, mwaka 1944 akauita ugonjwa wa magari hayo. Askari mzima, mwenye bunduki yake, alikaa wiki nyingi kitandani kwa sababu ya unywele. Wala hakuna aliyesema kwamba wale hawakuwa wanaume.

Jeshi hilo hilo lilitoa somo jingine, na hili ndilo linalotuhusu sisi wenye kuuza nguvu zetu kwa siku. Mwaka 1994 zilichapishwa habari za hospitali ya jeshi ya Tripler, kule Hawaii. Katika miaka miwili wagonjwa 229 walipasuliwa kwa kukatwa nyama, wakatumia jumla ya siku 4,760 vitandani. Kisha utaratibu ukabadilishwa: usaha ulitolewa kwa kipasuo kidogo cha pembeni, nywele zikasafishwa na eneo likanyolewa kila wiki. Katika mwaka mmoja wagonjwa 101 wakatumia siku 83 tu. Sisemi kwamba kila mmoja aweza kupona kwa wembe. Wengine hawakwepi kupasuliwa. Lakini aina ya matibabu yaweza kuwa ndiyo tofauti kati ya mtu kubaki kazini na mtu kufukuzwa, na mimi hakuna aliyeniambia kwamba ziko aina.

Basi jueni ziko. Jipu likiwa limeiva, halitibiwi kwa vidonge peke yake. Lipasuliwe, usaha utoke, na mpasuaji akate kando ya mstari wa katikati, kwa sababu katikati pale kidonda hupona kwa shida. Kazi hiyo hufanywa kwa sindano ya ganzi, na mtu huenda nyumbani siku ile ile. Wako watakaopona kwa hilo. Wengine litawarudia, na hao ndio wanaohitaji kushughulikiwa vile vijitundu. Mwenye vijitundu visivyouma wala kutoa usaha hana haja ya kisu. Aoge, anyoe, atazame.

Kwa ugonjwa uliokomaa, kuacha kidonda wazi ni njia ya salama lakini ni ya miezi. Kushona katikati hupona upesi, ila nyuzi hufumuka na ugonjwa hurudi mara nyingi zaidi. Njia nzuri kuliko hiyo ni kuhamisha ngozi ili mshono ukae pembeni na ule mwanya upungue kina. Karydakis, daktari wa jeshi la Ugiriki, aliwapasua maelfu ya watu kwa namna hiyo, na iko njia ya Bascom wa Marekani na ya Limberg wa Urusi. Kwa ugonjwa mdogo mpasuaji aweza kukata vijitundu tu na kusafisha mfereji. Mfanyakazi ana haki ya kumwuliza daktari kwa adabu: mshono utakaa katikati au pembeni? Nitarudi kazini baada ya wiki ngapi? Daktari mwema hachukizwi na swali.

Hapa ndipo ninapogombana na mabwana wa kazi, na kidogo na chama chetu wenyewe. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 humpa mfanyakazi aliyetimiza miezi miwili kazini siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili na siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi kumi na miwili, mradi alete cheti cha daktari. Siku kumi na nne! Kidonda changu kilitaka sabini. Jirani zetu wa Tanzania, katika sheria yao ya mwaka 2004, waliweka siku 126 katika miaka mitatu, nusu yake kwa mshahara kamili na nusu kwa nusu mshahara. Siku kumi na nne za Kenya ni sakafu, si dari, na mkataba wa pamoja waweza kuziongeza. Lakini katika mikutano ya tawi niliyohudhuria tumejadili mishahara, mabuti na chai ya saa nne, na sijasikia hata mara moja likijadiliwa jambo la siku za ugonjwa.

Mwajiri atasema: huo si ugonjwa wa kazi, hata karani na mwanafunzi huupata. Ni kweli, nami sitamdanganya. Kukaa peke yake hakujathibitishwa kuwa ndiko chanzo. Ila likizo ya ugonjwa haiulizi ugonjwa umetoka wapi, huuliza kama mtu ni mgonjwa. Na kiti chenye sponji, bomba la maji ya kuogea mwisho wa zamu, na dakika chache za kubadilisha kitambaa cha kidonda si mambo ya kumfilisi mwenye shamba. Tena cheti cha daktari kiende mkononi mwa mtu mmoja tu ofisini, kisisomwe mbele ya foleni ya mshahara. Akina mama wa viwandani, ambao nao huupata ingawa kwa uchache, wana haki ya kuonwa na mwuguzi mwanamke.

Naandika haya sasa kwa sababu ya mpwa wangu aliyebaki Ras Kamboni. Ana miaka 19, anashika usukani wa mashua ya mashine ya watu wengine. Hukaa juu ya ubao kutwa, kaptura imelowa maji ya chumvi, mashua inagonga mawimbi. Mwezi wa jipu la pili wazee walimchoma kwa chuma cha moto. Siwatukani wazee, ndiyo dawa waliyoachiwa, lakini moto hufunga mlango wa juu ukaacha nywele na usaha ndani, na sasa ana tundu la tatu. Yeye hana mwajiri wa kudaiwa likizo, ana fungu lake la samaki tu, na siku asipotoka fungu halipo.

Nilimpigia simu nikamwambia anyoe eneo lile kila wiki, amtafute mtu wa kumsaidia kwa kuwa mwenyewe hawezi kujiona, aoge maji baridi akitoka baharini, aache sigara kwa sababu huchelewesha kidonda. Nikamwambia pia asikubali chuma tena. Hospitali yenye wapasuaji iko Kismayu, zaidi ya kilomita 150, na msimu wa kusi bahari si ya mgonjwa. Amekubali kwenda upepo ukitulia. Nauli yake na fungu la wiki sita tumechanga sisi madereva wa shamba ninalofanyia kazi sasa. Kwenye karatasi ya mchango, pale palipoandikwa sababu, katibu wa tawi alitaka kuandika homa. Nilimwomba kalamu nikaandika mwenyewe: jipu la kifandugu.