Kinu Kikizimwa, Nani Anabaki na Funguo?

Watu wangu wa Kilifi na Malindi, leo nipeni dakika mbili tu. Niliacha chuo mwaka wa pili, karo ilinishinda, kwa hivyo msitarajie niwachoree atomi hapa. Lakini babu yangu, mvuvi maisha yake yote, aliniuliza swali ambalo hata profesa lingemtoa jasho: "Mjukuu wangu, hicho kitu kikishazeeka kinazikwa wapi?"

Alikuwa anaongelea kinu cha nyuklia cha Uyombo. Mnakumbuka, si ndio? Serikali, kupitia shirika la NuPEA, ilipanga mtambo wa megawati 1,000: ujenzi uanze 2027, stima itoke 2034. Na Uyombo ni hapo tu, ukitoka Kilifi kwenda Watamu, mikoko ya Mida ubavuni, msitu wa Arabuko-Sokoke mgongoni. Mei 2024 wakazi wakaandamana, polisi wakaja, watu wakaumia. Mwaka uliofuata serikali ikageuza macho Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Sisi tukashangilia, kila mtu akarudi kwa shughuli zake.

Mimi naona tulishangilia mapema, kwa sababu swali la babu bado halijajibiwa.

Kuna mji mdogo Marekani unaitwa Wiscasset, jimbo la Maine. Watu hawafiki hata 4,000. Kinu chao, Maine Yankee, kilianza kutoa umeme 1972. Pesa zikaingia, kodi ya mji ikabebwa kwa sehemu kubwa na kinu. Mwisho wa 1996 kikazimwa, na 1997 wenyewe wakaamua hakiwashwi tena. Kubomoa kulikwisha 2005. Majengo yakaondoka, kodi ikaondoka, ajira zikaondoka. Kilichobaki ni fueli iliyotumika, imefungwa kwa mapipa makubwa ya chuma na zege, na walinzi juu yake usiku na mchana. Serikali yao ilitakiwa ianze kuichukua 1998. Mpaka leo iko palepale, kwa sababu nchi nzima haijapata pa kuizika. Hiyo ni Marekani, yani. Jiulize sisi, ambao taka za soko tu zinatushinda.

Na tusiende mbali. Nenda Ngomeni, hapo juu ya Malindi. Waitaliano walikuwa wakirusha setilaiti kutoka majukwaa ya baharini. Tarehe 12 Desemba 1970 ilirushwa moja ikaitwa Uhuru, kwa heshima ya sikukuu yetu, na ndiyo iliyokuwa ya kwanza duniani kutumwa mahsusi kuchunguza miale ya eksirei angani. Roketi ya mwisho iliruka 1988. Wakubwa walipomaliza yao, vyuma vikabaki baharini. Afadhali chuma, kinaota kutu tu. Fueli ya nyuklia inabaki hatari kwa maelfu ya miaka.

Sasa msinielewe vibaya. Mimi naishi kwa simu na kompyuta, tokeni zikiisha kazi yangu imekufa. Na nyuklia si uchawi: Koeberg, karibu na Cape Town, inatoa umeme tangu 1984, bila moshi. Mtu wa Siaya anayetaka ajira simcheki hata kidogo. Lakini sehemu kubwa ya stima yetu tayari inatoka kwa mvuke wa Olkaria, maji na upepo. Hatuna haraka ya kufumba macho.

Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao. Hili lingechumwa na wakubwa wa mbali, wakalila watu wa Uyombo.

Kwa hivyo vijana wenzangu wa Siaya, mkiitwa barazani, ajira mtaambiwa bila hata kuuliza. Nyinyi ulizeni siku ya mwisho. Fueli iliyotumika itakaa wapi? Pesa za kubomoa zitawekwa na nani, kuanzia lini? Kinu kikizimwa, kijiji kitakula nini? Majibu yaandikwe, yasainiwe, kabla ya jiwe la msingi.

Na sisi wa Pwani tusimame nao. Kama hatukulitaka mlangoni kwetu bila majibu, tusinyamaze likipelekwa kwa jirani bila majibu.