GIABOKSI YA GARI KUUKUU: KAZI YA UANI, SI KAZI YA PUPA



Ikiwa unalo gari dogo la zamani lililokutumikia kwa miaka mingi, bila shaka unaifahamu hofu ninayotaka kuizungumzia leo. Asubuhi moja unatia gia ya tatu, na gari linakwaruza kama sufuria inayosuguliwa kwa mchanga. Unajifanya hukusikia. Baada ya juma moja unasikia mvumo. Baada ya mwezi, gia inachomoka yenyewe mlimani, na abiria wote wanakutazama wewe.

Hayo yalinipata mimi kwa Corolla aina ya KE70 niliyorithi kwa marehemu baba. Mke wangu hulitumia gari hilo kila alfajiri kupeleka maandazi na sambusa madukani, na sehemu kubwa ya karo za watoto hutoka humo. Fundi niliyemwendea alitaja bei iliyolingana na karo ya muhula mzima. Niliporudi nyumbani mke wangu aliniuliza swali moja tu: "Baba Neema, ndani ya chombo hicho mna nini kisichoweza kueleweka na mtu aliyesoma?" Sikuwa na jibu. Ndipo nilipoanza kujifunza.

Kwanza, pima kabla ya kufumua

Giaboksi nyingi hufumuliwa bure, maadamu ugonjwa uko kwingine. Washa injini, acha gari bila gia, usikilize. Ikiwa kuna mvumo unaonyamaza unapokanyaga klachi, shuku beringi za giaboksi yenyewe. Ikiwa kelele huanza pale unapokanyaga, tatizo ni rilizi beringi ya klachi. Gia zote zikikwaruza, hata ya kurudi nyuma, yamkini klachi haiachii sawasawa, na huenda kuirekebisha kukatosha. Lakini ikikwaruza gia moja tu, basi pete ya gia hiyo ndiyo iliyochakaa. Kadhalika, mvumo unaosikika katika gia zote isipokuwa ya nne hutoka kwenye shafti ya chini, kwa sababu katika gia ya nne nguvu hupita moja kwa moja bila kuitegemea shafti hiyo.

Yafaa ueleweshwe pete hizo ni kitu gani. Ndani ya giaboksi, gia za kwenda mbele hushikana meno wakati wote. Unapovuta mkono wa gia, huichomeki gia ndani ya gia, bali unasogeza bangili ya chuma inayoifunga gia moja kwenye shafti yake. Kabla meno ya bangili hayajakutana na ya gia, pete ya shaba ya manjano husugua shingo ya gia mpaka vyote viwili vizunguke kwa kasi moja. Pete ikiisha makali, kasi hazilingani, na hapo ndipo meno hulia.

Kushusha na kufumua

Corolla hizo ni za kizazi cha nne, kilichoanza kutoka mwaka 1979. Injini yake, 4K, ina ujazo wa sentimita 1,290, nayo husukuma magurudumu ya nyuma kwa propela shafti. Hiyo ndiyo bahati ya mwenye gari la namna hiyo: giaboksi hushushwa peke yake bila kung'oa injini.

Ng'oa waya wa betri. Inua gari kwa jeki, kisha uliegemeze juu ya stendi nne za chuma mahali pagumu na tambarare. Nakusihi, ndugu msomaji, usiliegemeze juu ya matofali wala mawe, na usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Gari litatengenezwa, lakini mtu akibanwa hapana kipuri chake Gerezani wala Kariakoo. Pia tafuta msaidizi, kwani giaboksi si mzigo wa mtu mmoja aliyelala chali.

Mwaga oili, ukatazame kizibo chake. Vumbi laini la kijivu ni uchakavu wa kawaida. Vipande vinavyokwaruza kidole ni meno au beringi zilizovunjika. Tia alama kwenye propela shafti kabla ya kuifungua, ili irudi ilivyokuwa.

Mezani tulitandika shuka kuukuu lililo safi. Binti yangu Neema, mwenye umri wa miaka 12, alikabidhiwa daftari na simu: kila kilichotoka alikipiga picha, akakipa namba, akakiweka kwenye mstari wake. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami nasema giaboksi bila daftari hubaki na vipuri mkononi. Jihadhari hasa na vigololi na springi ndogo zinazoshikilia gia. Huruka kama panzi.

Osha kila kitu kwa mafuta ya taa, mbali na moto. Zungusha beringi kwa mkono, ikikwamakwama, ibadilishe. Kisha weka pete kwenye shingo ya gia, ibane na ujaribu kuizungusha: pete nzima hushika, iliyokwisha huteleza. Pima pia nafasi iliyo kati ya pete na meno ya gia. Katika giaboksi nyingi za namna hii kikomo ni karibu milimita 0.8, lakini kitabu cha gari lako ndicho hakimu. Yangu ya gia ya tatu ilikuwa imekaribia kugusa kabisa.

Kosa langu

Siku ya kufunga nilikuwa na haraka, kwa kuwa Jumatatu maandazi yalisubiri. Mzee wetu wa jirani, dereva mstaafu, alipita akaniuliza, "Mwanangu, umezijaribu gia zote hapo mezani?" Nikamjibu kwa heshima kwamba nitazijaribu zikiwa garini. Akaniangalia, akaenda zake.

Saa nne ya usiku giaboksi ilikuwa imekwisha pandishwa, na gia ya tatu ikakataa kuingia. Kitovu cha ile bangili nilikuwa nimekigeuza, nyuma mbele. Picha ya Neema ilionyesha wazi kilivyokaa. Mimi ndiye sikuitazama. Jumatatu mke wangu alipanda daladala na makapu mawili, bila kusema neno, na ukimya ule ulinifunza kuliko kitabu.

Kwa hiyo, kabla ya kupandisha, zungusha shafti kwa mkono na utie kila gia, hata ya kurudi nyuma. Ikikwama katika gia mbili kwa pamoja, pini ya kuzizuia haipo mahali pake. Weka sili na gaskiti mpya, na upake oili kila kinachozunguka. Beringi igongwe kwa upande wa pete inayobana shafti, wala si ule wa nje. Ikiwa ngumu, ipeleke kwa fundi mwenye presi, kwani kumlipa kwa kazi hiyo moja si aibu. Na maadamu giaboksi iko chini, kagua klachi.

Jambo la mwisho ni oili. Tumia ya daraja la GL-4, uzito wa 75W-90 au kama kitabu kinavyoagiza, ujaze hadi ukingo wa tundu la kujazia. Oili ya GL-5, iliyokusudiwa difu, yaweza kuwa na dawa zinazokula shaba ya zile pete.

Sasa gari letu linapanda mlima kwa gia ya tatu bila kunung'unika. Gharama ilikuwa bei ya beringi mbili, pete, sili na oili, na karo ililipwa kwa wakati. Juzi Mzee alipita tena. "Shikamoo, Mzee," nikamwambia. "Marahaba. Sasa umekuwa fundi?" Nikamjibu kwamba fundi wa nyumba yetu ni yule mwenye daftari.