Benz ya Bei ya Vitz ni Mtego

Wasee wa Majengo, tuongee ukweli. Kuna imani imeingia mtaani ati ukishika laki kadhaa, ziwe za beti, za chama ama za shamba la guka, unakimbilia Benz kuukuu juu "inauzwa bei ya Vitz." Mimi nasema hiyo bei si bahati. Hiyo ni mwenyewe anakimbia.

Piga hesabu. Sheria ya Kenya hairuhusu kuingiza gari iliyopitisha miaka minane tangu isajiliwe mara ya kwanza. Kwa hivyo E-Class ya 2005 iko kwenye barabara zetu tangu 2013 au mapema. Imepitia mikono mingapi? Kila mwenye aliona bili inakuja alimsukumia mwenzake. Sasa ni zamu yako.

Gari hushuka bei, lakini spea zake hazishuki nayo. Hiyo E-Class ya 2005 ina breki za umeme, na kompyuta huhesabu kila mara unapokanyaga. Hesabu ikifika kikomo, taa nyekundu inawaka na pampu inataka kubadilishwa. Nyingine hazina springi za chuma, zinakalia mifuko ya mpira iliyojaa hewa. Mpira ukizeeka unavuja, kompresa inapuliza bila kupumzika hadi inaungua. Asubuhi, na hii baridi ya Nyeri, unapata gari imepiga magoti kama iko kanisani.

Fundi wa Probox hapa mtaani anasikiza injini tu na kukuambia shida. Hii yako inataka mashine ya kusoma kompyuta, halafu spea utume Kirinyaga Road, Nairobi, na uombe Mungu usiuziwe feki.

Najua mtasema ni gari imara na salama. Ni kweli, kama imetunzwa. Lakini kwa ile mteremko, bana, afadhali Vitz yenye breki zinashika.

Sisemi msinunue vitu vizuri. Nasema kabla uulize bei ya gari, uliza bei ya mifuko miwili ya mbele, pampu ya breki na matairi manne. Kama huwezi kulipia hizo zote mwezi ujao bila kukopa, umenunua deni la mtu na ukaliwekea mafuta.

Benz itarudi sokoni kabla ya Krismasi. Shamba la guka halirudi. Mwenye kubisha alete risiti.